Vifungo vya Koti la Mpangaji

6 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za cherehani, ambayo siku hizi naihesabu kuwa mtu kwa kuwa ndiyo ninayoongea nayo kutwa. Mimi mzima. Goti la kulia linalalamika mvua ikikaribia, lakini linasema kweli kuliko redio, kwa hiyo nimelisamehe. Binti wa mwenye nyumba amejifungua mapacha, nao wanalia kwa zamu kama walinzi. Wewe hujambo? Na lile jino?

Mwanetu aliondoka Januari, kama nilivyokueleza. Kazi yenyewe ni ya kambi ya ujenzi wa barabara, huko anakosema barua hazifiki mpaka barabara yenyewe ifike. Atarudi baridi ikishapita. Sijapata neno lake tangu siku ile, na alinionya nisitarajie. Ila nyumba imekuwa kubwa, mdogo wangu. Vyumba viwili, na bado napotea.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Aliniachia chatu wake. Unakumbuka alimwokota akiwa mwembamba kama mkanda wa suruali? Leo ukimnyoosha anaipita meza yangu. Mimi namwita Mpangaji, kwa sababu anakula, analala, halipi kodi, na siku nikimwambia ahame atanitazama tu. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu nikimpa jembe atalimeza.

Mwanao alinifundisha yote ya kiangazi: taa iwake mchana, maji yanyunyizwe asubuhi na jioni, bakuli likae chini ya taa. Joto napima kwa kifundo cha mkono, kama ninavyopima pasi. Lakini wiki hii mvua zimeanza, na mimi nikaendelea kunyunyizia kama nilivyoambiwa, maana mtu akikuachia amana huibadilishii masharti. Sasa sanduku lake la kioo linatoka jasho. Kioo kinachuruzika, maranda ya mbao anayolalia yananuka ukungu, na tangu juzi Mpangaji anainua kichwa, anafungua mdomo, na ndani yake kunatoka sauti kama birika linalokaribia kuchemka.

Nawe uko bustani ya nyoka miaka yote hii. Najua kazi yako ni kukata tiketi dirishani, lakini anayekaa karibu na waridi hunukia. Niulizie. Siku ya kuondoka kijana alisimama mlangoni akasema, "Mama, nitunzie mpaka nirudi." Akirudi akakuta sanduku tupu, nitamtazama kwa macho gani?

Dada yako


22 Machi

Dada yangu,

Nimeipokea barua yako na nimeisoma mara nyingi kuliko unavyodhani. Nafurahi u mzima. Jino nililing'oa, sasa natafuna upande mmoja kama mbuzi. Huku joto ni lile lile la kuoga mara tatu na bado ukatokwa jasho ukijifuta. Kazini wamenifungia feni dirishani, inapeperusha tiketi zote, lakini siwezi kukataa zawadi.

Kuhusu Mpangaji, mimi ninachojua ni bei ya mlango na njia ya kwenda chooni. Ila hapa kazini yuko mtu mmoja, tunamwita Mtaalamu. Nilimsomea barua yako yote, hata habari ya goti. Anasema hivi.

Acha kunyunyizia maji leo hii. Wakati wa mvua hewa inakuja na maji yake, haihitaji msaada wako. Ondoa maranda yote yaliyolowa, weka makavu. Bakuli la maji litoke chini ya taa liende upande wa baridi, kwa sababu likikaa kwenye joto linageuka mvuke. Joto lenyewe usipunguze. Anasema unyevu na joto nyoka huvumilia, na baridi na ukavu huvumilia kidogo, lakini unyevu na baridi vikikutana ndani ya sanduku moja vinaingia kifuani, na hiyo ndiyo sauti ya birika uliyoisikia.

Na sanduku ulitoe kwenye dirisha la jikoni, lile lisilofunga mpaka ulipige ngumi. Lisogeze ukutani, kwenye meza ya kukatia vitambaa. Kona ya nyuma kushoto, pale kioo kilipopasuka, karatasi ya gundi ikilowa huachia, kwa hiyo ibandue uibandike upya. Upepo unapita hapo.

Anasema tena umwangalie kila siku hata akionekana mzima. Nyoka hasemi kwamba anaumwa. Huuficha ugonjwa mpaka uwe umemzidi, na mtu anayesubiri alalamike atachelewa.

Basi ni hayo. Mwanetu naamini hajambo huko kambini. Vijana ni wagumu, dada, usimfikirie sana.

Mdogo wako


5 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu sana. Mapacha wamepewa majina na bado nawachanganya. Goti limenyamaza. Mpangaji pia amenyamaza: nilifuata kila neno, na haikupita wiki birika likaacha kuchemka. Jana alikula panya kwa adabu zote, nami nilitazama pembeni kama kawaida yangu.

Sasa nisikilize. Nilipomaliza kulisogeza sanduku nilikaa kwenye kiti na barua yako mkononi. Mara ya mwisho tulionana kwenye mazishi ya shemeji yako, kwenye nyumba ile ya zamani. Hii hujaingia hata siku moja. Dirisha la jikoni hujalipiga ngumi, meza ya kukatia hujui iko ukuta gani, na mimi sikuandika popote kwamba kioo kimepasuka. Huyo Mtaalamu wenu ni mtaalamu kweli, kama anaona kona ya sanduku langu kutoka mwendo wa siku mbili wa basi.

Sikuulizi kitu. Kijana akienda kazini ikamshinda, akaona haya kurudi mikono mitupu, atakwenda kwa mama yake mdogo. Na kwa mama mdogo si kwake? Nilicheka peke yangu mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Miezi mitatu nimelala nikimwona chini ya magari ya kubeba vifusi, kumbe yuko hapo anakula chakula chako na kujifanya profesa. Msalimie Mtaalamu. Mwambie hakuna aibu inayozidi mlango wa mama. Halafu usimwambie kwamba nimesema.

Mwambie pia nimemshonea Mpangaji koti. Usicheke. Nilikuwa na vipande vya kaki vilivyobaki kwenye sare, nikaona kila siku nafunika sanduku kwa shuka, shuka inateleza, nikasema mimi ni fundi au siyo? Nimelivalisha sanduku pande tatu na juu, na mbele ya matundu ya hewa nimeweka safu ya vifungo sita. Mvua ikinyesha nafungua vyote, unyevu utoke. Kukiwa na ubaridi kidogo nafunga vitatu. Naingiza mkono, nasikiliza kifundo, nafungua kimoja au nafunga kimoja. Kila kifungo na rangi yake, maana mabaki hayachagui.

Mkono huu umesoma, mdogo wangu. Shemeji yako ile miaka ya maradhi ya figo, mwishoni alikuwa anasikia baridi hata ukimkalisha juani saa sita mchana. Nilikuwa namgusa kifundo kwa kifundo na kujua ni mablanketi mangapi. Sikudhani elimu ile ingekuja kumfaa nyoka.

Andika upesi, na Mtaalamu asiache kutoa maelekezo. Nina maswali mengi ya nyoka.

Dada yako


2 Mei

Dada yangu mpenzi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Siku hizi nashinda kwenye foleni moja huku, na hata sasa naandika nikiwa kwenye benchi lake, karatasi juu ya pochi. Usiniulize foleni ya nini, foleni ni foleni. Watu wake tumeshakuwa jamaa, tunawekeana nafasi na kugawana karanga.

Nilimsomea Mtaalamu habari ya koti. Alicheka mpaka nikaogopa, ikabidi nimshike mgongo. Aliniambia niisome tena pale pa vifungo vya rangi rangi. Amesema miaka yote watu wananunua mashine za kupima unyevu, na hakuna aliyefikiria vifungo. Amesema nikuandikie hivyo hivyo, "Mwambie amenishinda."

Sasa baridi yenu inakuja, na maelekezo yanageuka. Taa badilisha, weka ile kubwa iliyo kwenye boksi juu ya kabati, nyuma ya vitambaa vyeusi. Lakini taa kubwa inakausha hewa, kwa hiyo bakuli sasa lirudi chini ya joto, kinyume na ulivyofanya wakati wa mvua. Umeme ukikatika, jaza chupa maji ya moto, zifunge taulo, ziweke kando yake bila kumgusa. Vifungo funga kuanzia chini kwenda juu. Ila cha juu kabisa usikifunge kamwe, hata baridi iweje. Joto lina maana kwa anayepumua.

Atakula kidogo na kulala sana. Usishtuke. Anasema kuna kulala kwa kupumzika na kuna kulala kwingine, nawe utajua tofauti kwa kumgusa.

Mtaalamu anauliza pia kama bado unashona bila miwani. Anasema ni swali la kitaalamu.

Mimi sijambo. Juzi nilinunua blanketi zito la sufu, muuzaji akanicheka, akaniuliza nahamia wapi na joto hili. Nikamwambia mambo ya watu ayaache.

Mdogo wako


16 Mei

Mdogo wangu,

Hatujambo, mimi na huyu wa kwenye kaki. Taa niliikuta juu ya kabati, nyuma ya vitambaa vyeusi, kama ilivyosemwa. Miwani ninayo, mwambie Mtaalamu iko puani sasa hivi na inaniuma masikio.

Nimecheka na muuzaji wako wa mablanketi. Nilicheka, halafu nikaiweka barua, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Mficha maradhi, walisema wahenga, na sentensi yao mimi sitaimalizia.

Pamoja na barua hii utapata kifurushi. Ndani kuna koti. Hili siyo la sanduku. Ni la mtu mzima mwanamume, nimeliwekea pamba katikati ya vitambaa viwili, kola ndefu, vifungo sita. Nimefikiri labda huko ofisini kwenu hiyo feni inampuliza Mtaalamu. Vipimo nimekisia tu, na huenda nimekosea sana. Huenda nimekata dogo mno, kiuno kimebana, mabega hayapiti. Ukiniandikia kwamba halimtoshi wala sitakasirika. Nitafurahi. Niandikie halimtoshi, limekwama mabegani, amelipasua kwapani, nami nitashona lingine kubwa siku hiyo hiyo nikiimba.

La mwisho: macho ya Mpangaji yamekuwa meupe kama maziwa na rangi imefifia. Najua anataka kujivua ngozi, lakini hewa huku imekauka mpaka midomo yangu inapasuka. Nifanye nini?

Dada yako


9 Juni

Dada yangu,

Mungu aibariki mikono yako. Kifurushi kimefika hata uzi haujalegea. Mtaalamu alikuwa amekaa kitandani, namaanisha kitini, nikamvalisha, na dada, limemkaa sawasawa! Mabega sawasawa, kiuno sawasawa, utadhani ulimpima. Nilitaka ujue kazi yako haikupotea. Tangu siku ile halivui, hata nikitaka kulifua ananiambia kesho. Ananusa kola. Anasema inanuka mafuta ya cherehani.

Kuhusu macho meupe: chukua beseni la plastiki lenye mfuniko, toboa tundu la kuingilia, ndani weka taulo lililoloweshwa na kukamuliwa, liweke upande wa joto. Hapo ataingia mwenyewe. Unyevu uwe ndani ya beseni tu, sanduku lote libaki kavu kiasi. Tumia lile taulo la kijani lenye tundu, maana ameshalizoea, na ni jepesi. Funga vifungo vitano. Na usimvute ngozi, hata ukiona imening'inia. Itatoka siku yake. Ukiivuta kabla ya wakati unamchuna.

Anasema usikae naye kutwa. Anasema ulale.

Nilikuwa na mengi ya kukuandikia, na karatasi ninayo, ila mkono hautaki.

Mdogo wako


21 Juni

Mdogo wangu,

Ngozi imetoka nzima, kuanzia mdomoni mpaka mkiani, hata vifuniko vya macho. Nimeitundika juu ya cherehani na wateja wanakimbia. Taulo la kijani ni lile nililomfutia mwanangu mpaka alipoanza shule. Nimekuwa nikilitazama.

Neno lako "sawasawa" limefika. Nilikuomba uandike lolote isipokuwa hilo.

Mwanangu nilimshonea suruali ya kuondokea Januari. Vipimo vyake ninavyo kichwani kama ninavyojua sala. Koti lile sikulikatia vipimo vyake. Nililikatia vipimo vya baba yake, vya mwezi ule wa mwisho, nilivyochukua akiwa amelala ili nimpunguzie shati. Nilikata kitambaa huku namwomba Mungu nionekane mjinga.

Sasa najua kwa nini kambi haipokei barua, na benchi lako ni la wapi. Nadhani najua na kwa nini alikuja kwako. Ameniona nikiuguza, akasema mama ameuguza vya kutosha. Ni mtoto mwema na ni mpumbavu, na mimi nalia ninapoandika. Ukiona madoa usidhani ni mvua, huku mvua ilikwisha.

Hasira sina juu yako. Najua alikuapisha. Nami ningeweza kupanda basi leo. Nimefungua begi, nimeweka nguo, nimelifunga. Kinachonizuia ni kwamba amefanya kazi kubwa kunificha, na labda ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho cha kunipa. Siwezi kuuvunja mlango wake kwa teke. Nabisha hodi.

Kwa hiyo muulize Mtaalamu swali langu la mwisho la nyoka. Je, naweza kumwacha Mpangaji wiki chache na fundi redio, jirani yangu? Ni mtu makini, mikono yake haitetemeki, na nimeshamfundisha vifungo. Au baridi hii hairuhusu niondoke? Jibu lolote atakalolitoa nitalifuata. Akisema nibaki, nitabaki, nitafunga na kufungua vifungo mpaka vidole viishe. Lakini ajibu yeye.

Dada yako


8 Julai

Mpendwa dada,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Sisi hapa hatujambo kwa jumla.

Kuhusu swali lako, nyoka wa aina hiyo wakati wa baridi anahitaji nyuzi thelathini na mbili upande wa joto na ishirini na sita upande wa baridi. Unyevu uwe kati ya asilimia hamsini na sitini. Ni muhimu mfugaji awe na kipimajoto na kipima unyevu, na asifanye mabadiliko ya ghafla. Inashauriwa kutosafiri mpaka hali ya hewa itulie.

Nakuomba usifanye haraka kuja. Baridi ni kali na mnyama anakutegemea. Tutaandikiana.

Mdogo wako


19 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako niliisomea mlangoni, mpeleka barua akiwa bado anafunga baiskeli. Niliisoma mpaka mwisho nikairudia, nikitafuta kona ya kushoto. Nikatafuta dirisha la jikoni, kitu chochote kilichoko juu ya kabati. Nikatafuta kifungo. Hukunitajia kifungo hata kimoja. Umeniandikia nyuzi na asilimia, na mwanangu tangu ameanza kufuga hajawahi kunitajia namba, alikuwa anaushika mkono wangu anauingiza ndani ya sanduku na kusema, "Hivi, Mama. Ukumbuke hivi."

Bila shaka umenakili kibao cha maelezo kilichoko ukutani hapo kazini kwenu. Mtaalamu hayupo.

Usiniandikie kwamba nimekosea. Nilikaa pale mlangoni. Fundi redio alitoka akaniona, akakaa karibu yangu, na mpeleka barua akaendelea na njia yake. Nililia kwa sauti, mdogo wangu, kwa sauti ambayo sikuitoa hata kwa baba yake. Wale mapacha walinyamaza. Nimezaa mmoja tu. Mtoto wangu wa pekee amekufa kwenye joto la mji wa watu akiwa amevaa vipimo vya baba yake, na mimi nilikuwa huku napima hewa ya nyoka.

Begi nililifungua tena, nikarudisha nguo. Mmeshamzika, sina cha kuwahi. Nitakuja baridi ikiisha, unionyeshe mahali. Kwa sasa nikiondoka huyu naye ataniponyoka, na mikono yangu haina nafasi ya wawili. Aliniambia nitunze mpaka arudi. Sasa sijui natunza mpaka lini, lakini asubuhi niliamka nikafunga vifungo vitano.

Sikulaumu. Ungekuwa na mtoto ungefanya vile vile, na kwa kweli ulikuwa naye. Ulimvalisha, ulimsomea, ulimshika mgongo alipocheka. Mengine utanieleza tukionana. Mambo mawili tu siwezi kuyangoja. Nilibisha hodi: je, alinisikia? Na hilo la pili ni la kipuuzi, ila ndilo linaloniamsha. Alikuwa anasikia baridi?

Dada yako


30 Julai

Dada yangu,

Leo salamu sina. Nakujibu.

Barua yako ya hodi ilifika siku ya Jumamosi. Nilifikiri niifiche, lakini aliona mwandiko wako juu ya bahasha, akanyoosha mkono. Nikamsomea yote, na vipimo vya baba yake, na begi. Alilia, nami nikalia, halafu akaniambia nimsomee tena pale ulipomwita mwema na mpumbavu.

Kisha akaniuliza, "Huyo fundi redio anavuta sigara?"

Nikamwambia sijui.

"Mwambieni asivutie karibu na sanduku. Moshi utamwingia Mpangaji kifuani." Akavuta pumzi. "Basi aje. Mama mdogo, mwandikie aje. Nimechoka kumkosa."

Nikachukua kalamu pale pale. Akasema nisifunge barua, ningoje kesho apate nguvu, kuna maelezo anataka kuyaongeza ya jinsi fundi redio atakavyobadilisha taa. Kesho yake hakuwa na nguvu. Jumatatu alfajiri akaondoka, na karatasi iko mezani imeandikwa "Dada yangu, anasema uje," basi, haina kingine. Niliishika wiki nzima. Sikujua mtu anaipelekaje posta karatasi kama ile. Nikanakili kibao. Ninaiweka humu ndani ya bahasha, ni yako.

Na hilo la pili si la kipuuzi. Hakusikia baridi. Nilimgusa kwa kifundo cha mkono kama ulivyoandika, na alikuwa na joto lake mpaka mwisho. Koti alikuwa amelivaa. Alifunga vifungo mwenyewe usiku ule, kuanzia chini kwenda juu, na cha juu kabisa akakiacha wazi.

Mdogo wako